Jemaniamu au silikoni: chagua dayodi kwa kuipima, si kwa kukariri

Kila anayeanza elektroniki hufundishwa namba mbili: dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya jemaniamu hula volti 0.3, ya silikoni hula volti 0.7. Namba hizo si za uongo, ila hazitoshi. Dayodi ileile ya silikoni itakusomea volti 0.49 kwenye saketi moja na 0.72 kwenye nyingine. Ile ya jemaniamu inayosifiwa kwa volti 0.3 inaweza kufika volti 1 nzima ukiilazimisha kupitisha miliampia 10. Na bado hujagusa suala la joto: kipimo cha asubuhi ya Julai huko Makete mlimani, nyasi zikiwa nyeupe kwa barafu, hakiwezi kulingana na kipimo cha mchana wa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa. Fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, au wa Iringa mjini hupokea kazi kutoka pande zote hizo, na redio inayoimba vizuri mezani kwake inaweza kukoroma ikirudi kwa mwenyewe.

Kwa hiyo tunakwenda kwa vipimo. Mengi ya madai yaliyomo humu unaweza kuyahakikisha kwa betri ya volti 9, rezista chache na mita ya kawaida.

Vitu vya kuwa navyo

Multimita yenye alama ya dayodi (mshale ulioishia kwenye kizuizi), hata ile ya bei ndogo kabisa. Betri ya volti 9. Rezista za robo wati: 1k, 4.7k, 10k, 100k na 1M (k ni kiloomu, M ni megaomu), mbili mbili. Ubao wa majaribio, au kipande cha mbao chenye misumari ukikosa. Upande wa dayodi: 1N4148 mbili, 1N4007 nne, BAT85 moja, 1N5819 moja, na jemaniamu yoyote utakayopata: OA90, OA91, AA119 au 1N34A.

1N4007 usinunue. Fungua sehemu ya chini ya balbu yoyote ya kubana matumizi iliyokufa, zile zenye mirija iliyojipinda, na kwa kawaida utakuta nne kwenye bodi moja. Balbu iwe imetolewa kwenye holda. Usivunje mrija wa kioo, kwa sababu una zebaki ndani. Kabla hujagusa bodi, gusanisha miguu ya kapasita kubwa na rezista ya 10k ya wati 2 kwa sekunde tano, ukiishika kwa koleo lenye mpira, kwa kuwa kapasita hiyo huchajiwa hadi volti 325 hivi na huweza kubaki na chaji.

Jemaniamu ndiyo ya kutafuta. Redio za transista za zamani zilizokufa, zile za National na Philips zilizorundikwa nyuma ya karakana, karibu kila moja ina angalau moja, imekaa jirani na koili ya mwisho ya IF (masafa ya kati ya redio). Ukinunua mpya, fahamu kwamba vitu vingi vinavyouzwa leo kwa jina la 1N34A au 1N60 ni dayodi za Schottky, yaani ni silikoni. Si lazima ziwe mbovu kwa kazi yako, lakini si kitu ulicholipia. Namna ya kuzibaini inakuja hapa chini.

Tofauti inatoka wapi

Silikoni na jemaniamu zote ni fuwele ambazo kila atomu ina elektroni nne za nje. Zikichanganywa na uchafu kidogo uliopimwa, upande mmoja huwa na elektroni za ziada na wa pili huwa na upungufu. Pale pande mbili zinapokutana hujengeka kizuizi. Ukisukuma kutoka anodi (mguu wa chanya) kwenda kathodi (mguu wa hasi), kizuizi hupungua na mkondo hupita; ukisukuma kinyume, huongezeka. Ni kama vali ya tairi la baiskeli: upepo huingia upande mmoja tu, na hata upande huo pampu lazima kwanza ishinde ugumu wa mpira.

Jambo moja linazitenganisha. Kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu zake ndani ya silikoni kunahitaji nishati ya elektronivolti 1.12. Ndani ya jemaniamu inatosha 0.67. Kutoka hapo yanafuata yote matatu yanayomhusu fundi: jemaniamu huanza kupitisha mkondo kwa volti ndogo, huvujisha zaidi upande wa nyuma, na huchoka mapema kwa joto. Silikoni huvumilia nyuzi 150 hadi 175 ndani yake; dayodi ndogo ya jemaniamu hupewa kikomo cha nyuzi 75 hadi 90 tu. Clemens Winkler aliitambua jemaniamu mwaka 1886 huko Freiberg, Ujerumani, na transista ya kwanza ya mwaka 1947 ilikuwa ya jemaniamu. Kuvuja na kuogopa joto ndiko kulikoiondoa sokoni. Ilibaki na kazi chache inazozifanya vizuri kuliko silikoni ya kawaida.

Kuna na umbo. Dayodi nyingi ndogo za jemaniamu si vipande viwili vilivyoungana vizuri, bali waya mwembamba sana ulioegemea kipande cha fuwele. Mguso huo ni mdogo kama ncha ya sindano, ndiyo maana hupitisha mawimbi ya redio bila shida (kapasitansi yake ni kama pikofaradi 1), na ndiyo maana huteseka ukiupa mkondo mkubwa.

Kuitambua mkononi

Mstari uliochorwa kwenye mwili ni kathodi, kwa aina zote hizi. Nyeusi ya plastiki yenye mstari wa fedha ni 1N4007 au ndugu zake. Kioo kidogo cha rangi ya chungwa chenye mstari mweusi mara nyingi ni 1N4148. Jemaniamu nyingi huja kwenye kioo kirefu na kinene zaidi, na ukiielekeza kwenye mwanga ukitazama kwa lenzi utauona waya wake: unywele wa chuma uliokunjwa kama herufi S, ncha yake imesimama juu ya kipande cheusi. Ukiuona unywele huo, huna haja ya kubishana na muuzaji. Usipouona, endelea kupima, maana baadhi ya vioo vimepakwa rangi.

Weka mita kwenye alama ya dayodi. Waya mwekundu kwenye anodi, mweusi kwenye kathodi. Mita hupitisha takriban miliampia 1 na kukuonyesha milivolti. Jemaniamu husoma kati ya 200 na 400, Schottky kati ya 150 na 320, 1N4007 kati ya 500 na 600, 1N4148 kati ya 580 na 680. Geuza waya: dayodi nzima huonyesha 1 upande wa kushoto wa kioo, au OL. Ikisoma sifuri au namba ndogo pande zote mbili, imepiga shoti. Ikikataa pande zote, imekatika.

Utaona tatizo mara moja: jemaniamu na Schottky zinaingiliana. Namba 280 haikuambii umeshika nini. Ndipo inapokuja hatua inayofuata, ambayo wengi huiruka.

Pima kwa mikondo mitatu

1. Pima betri kwanza na uandike. Betri ya volti 9 iliyotumika inaweza kuwa 8.2, na hilo halina ubaya mradi unalijua.

2. Unganisha chanya ya betri kwenye rezista ya 100k, rezista kwenye anodi, kathodi kwenye hasi. Mita iwe kwenye volti za DC, kipimo cha 2000m au cha 2, waya zake zikigusa miguu miwili ya dayodi. Andika.

3. Badilisha rezista kuwa 10k, kisha 1k. Andika kila mara. Kwenye 1k usiiache jemaniamu kwa muda mrefu. Sekunde tano zinatosha kusoma.

Mkondo unaupata kwa kutoa volti za dayodi kwenye volti za betri na kugawa kwa rezista. Kwa betri ya volti 9 na silikoni, 100k hukupa miliampia 0.085, 10k miliampia 0.84, na 1k miliampia 8.3. Kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 25, tarajia hivi:

1N4148: 0.48 hadi 0.52, kisha 0.58 hadi 0.63, kisha 0.70 hadi 0.75.
BAT85: 0.18 hadi 0.24, kisha 0.25 hadi 0.32, kisha 0.33 hadi 0.40.
OA91 au 1N34A ya kweli: 0.10 hadi 0.25, kisha 0.25 hadi 0.40, kisha 0.7 hadi 1.2.

Tazama safu ya mwisho. Silikoni hupanda kwa takriban volti 0.1 kila mkondo unapoongezeka mara kumi, kwa utaratibu, na Schottky hupanda kwa takriban robo tatu ya hapo. Jemaniamu ya unywele huanza chini kabisa halafu huruka, kwa sababu ule mguso mdogo una ukinzani wake wenyewe unaojumlishwa juu. Huo mruko ndio utambulisho wake. Kitu kinachoitwa 1N34A ambacho kwenye rezista ya 1k kinakupa 0.36 ni Schottky, hata kikiwa na maandishi gani.

Jedwali hilo linajibu pia kosa tunalolisikia mara kwa mara: "jemaniamu hula volti chache, basi niiweke kwenye sola nisipoteze umeme." OA91 imeruhusiwa miliampia 50 kwa wastani. Paneli ya wati 10 hutoa kama ampia 0.6, mara kumi na mbili ya kiwango hicho. Unywele utaungua kabla hujamaliza kufunga skrubu.

Mvujo: kipimo ambacho kidole hukiona

Geuza dayodi, kathodi ielekee chanya, ukiwa na rezista ya 100k kwenye mstari. Sasa weka mita kwenye miguu ya rezista, si ya dayodi. Kila milivolti 100 utakazosoma ni sawa na maikroampia 1 inayovuja. Mita za bei ndogo zina ukinzani wa ndani wa megaomu 1, kwa hiyo namba itasomeka pungufu kwa karibu asilimia 9. Kwa kazi hii haituumizi.

1N4148 itakusomea sifuri au milivolti moja mbili. Jemaniamu nzima itasoma kati ya milivolti 100 na 1000, yaani maikroampia 1 hadi 10. Ikizidi maikroampia 30 hivi kwenye chumba cha kawaida, imechoka. Itumie kwa mazoezi tu.

Sasa shika kioo cha jemaniamu kwa vidole viwili bila kugusa miguu yake, kwa sababu mwili wako nao hupitisha umeme. Namba inaanza kupanda mbele ya macho yako, 240, 270, 310, na ukiachia inarudi taratibu. Mvujo huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10. Kutoka nyuzi 5 za asubuhi ya Makete hadi nyuzi 35 za Kyela ni nyuzi 30, kwa hiyo mvujo huwa mara nane. Saketi iliyovumilia maikroampia 3 mlimani itakutana na 24 kando ya ziwa.

Jihadhari na mwanga pia. Dayodi za kioo kisichopakwa rangi huhisi mwanga, na jua la dirishani linaweza kukupa mvujo usiokuwepo. Funika kwa kofia ya kalamu unaposoma.

Upande wa mbele nao hubadilika. Volti ya dayodi hushuka kwa takriban milivolti 2 kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka. Kwa nyuzi 30 ni milivolti 60. Kumbuka namba hii, tutaitumia.

Redio: mahali jemaniamu inapostahili

Kwenye redio ya AM, mawimbi ya 455 kHz hutoka koili ya IF ya mwisho, yakapita dayodi, na nyuma ya dayodi kuna kapasita ya maikrofaradi 0.01 kwenda ardhi pamoja na volyumu ya 5k au 10k. Stesheni ya karibu huleta volti nzima kwenye dayodi. Stesheni ya mbali huleta milivolti 100 au 200. Weka 1N4148 hapo na hizo milivolti hazifungui mlango: stesheni kubwa zitasikika, ndogo zitapotea, na katikati yake sauti itakwaruza hasa msemaji anaponong'ona. Mteja atakuambia redio imepungua nguvu. Utabadilisha transista bure.

Ukiikuta dayodi hiyo imekufa, fuata hivi:

1. Kabla ya kuing'oa, piga picha au chora upande wa mstari. Dayodi hii mara nyingi hutoa pia volti inayorudi kwenye transista ya kwanza ya IF ili kupunguza nguvu stesheni inapokuwa kubwa. Ukiigeuza, sauti itatoka bado, na hapo ndipo watu hudanganyika, lakini stesheni za karibu zitapasuka na kupiga miluzi kwa sababu marekebisho yanakwenda kinyume.

2. Weka jemaniamu uliyoipima. Ukikosa, weka BAT85. Hiyo ndiyo chaguo letu la kwanza kwa redio inayorudi Kyela au Matema, kwa sababu mvujo wake ni mdogo kuliko wa jemaniamu.

3. Usiweke 1N5819 kwa hoja kwamba nayo ni Schottky. Kapasitansi yake inazidi pikofaradi 50, na mvujo wake unaweza kufika miliampia 1 kwenye volti 40. Itameza mawimbi ya IF na kuvuruga marekebisho. 1N4007 ndiyo usiiguse kabisa hapo. Ni nzito mno kufunguka na kufunga mara 455,000 kwa sekunde.

Kama una 1N4148 pekee, na anodi ndiyo inayotazama koili, iamshe kwa mkondo mdogo. Tenganisha mguu wa koili uliokuwa ardhini, uunganishe na ardhi kupitia kapasita ya maikrofaradi 0.01, kisha mguu huohuo uupe rezista ya 1M kutoka chanya ya volti 3. Maikroampia 2.5 hivi zitapita koili, dayodi na volyumu, na dayodi itakaa tayari kwenye volti 0.33 ikisubiri. Milivolti chache za stesheni zinatosha kuisogeza. Ukiona sauti imezimia kabisa baada ya hapo, mara nyingi umesahau ile kapasita. Kama ni kathodi inayotazama koili, saketi hii haifai. Rudi kwenye BAT85.

Kulehemu jemaniamu

Chuma cha wati 25 au 30, si kile kikubwa cha kuunganishia bati. Acha miguu isipungue milimita 10, na kati ya risasi na kioo bana mguu kwa koleo jembamba ili joto lifie kwenye koleo. Sekunde tatu, ondoa, pumzisha, ndipo uende mguu wa pili. Unapokunja mguu, shika sehemu iliyo karibu na kioo kwa koleo na ukunje upande wa nje yake, milimita 3 au zaidi kutoka kwenye kioo. Ukikunja bila kushika, kioo hupata ufa usioonekana, unyevu wa masika huingia, na baada ya miezi kadhaa mvujo unapanda bila sababu unayoiona. Pima mvujo tena baada ya kulehemu. Ikiwa umepanda mara tatu nne na haurudi hata baada ya dayodi kupoa, umeichoma.

Kunyoosha umeme: hapa silikoni haina mpinzani

Transfoma ya volti 12 inayopitia 1N4007 nne, zilizofungwa kama daraja ili AC igeuke DC, haitoi volti 12. Kilele cha volti 12 za AC ni 17. Mkondo hupita dayodi mbili kila mara, toa 1.4, unabaki na 15.6 bila mzigo. Kwa hiyo kapasita iwe ya volti 25, si 16. Ya volti 16 itavimba siku umeme wa gridi ukipanda kidogo. Mtikisiko unaoutafsiri kama mngurumo kwenye spika unaukadiria kwa kugawa mkondo kwa mia moja mara kapasita: ampia 0.5 kwa maikrofaradi 2200 ni volti 2.3. Ukiweka 4700 unashuka hadi karibu volti 1.1.

Kazi hii ina volti 230 upande mmoja. Washa mara ya kwanza kupitia balbu ya wati 60 ya waya iliyofungwa kwenye mstari wa laini. Balbu ikiwaka mara moja na kufifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti. Zima kabla ya kitu kingine kuungua.

Kipindi cha radi, kuanzia Novemba hadi Aprili, ndicho kinacholeta daraja hizi mezani. Fyuzi ikiwa nyeusi na ya fedha ndani, imepasuka kwa shoti. Mara nyingi utakuta dayodi mbili zimepiga shoti na mbili zinapima vizuri. Badilisha zote nne, maana zile mbili zilipitiwa na mkondo uleule. Halafu pima kapasita na koili ya transfoma kabla ya kuweka fyuzi mpya.

Kosa lingine linatoka kwenye chaja za simu na pawa saplai za kisasa. Upande wa pili wa transfoma yake ndogo umeme hubadilika mara makumi elfu kwa sekunde. Dayodi iliyopo pale ni FR107, UF4007 au Schottky. Fundi huona umbo linafanana na 1N4007 na kuibandika. Chaja itawaka, dayodi itachemka, na baada ya dakika chache itakufa, kwa sababu 1N4007 huchelewa kufunga na kwa muda huo mkondo unarudi nyuma. Kwa 50 Hz ucheleweshaji huo hauna madhara. UF4007 hufunga ndani ya nanosekunde 75.

Kwenye sola, dayodi huzuia betri isirudishe umeme kwenye paneli usiku. Kwa paneli ya wati 10 ya mfumo wa volti 12, 1N5819 inatosha. Wati 20 hutoa ampia 1.1 hivi, tayari imepita kikomo chake cha ampia 1. Weka 1N5822 ya ampia 3. Kwenye taa ndogo yenye paneli ya volti 5 na betri moja ya lithiamu, volti 0.8 za 1N4007 ni hasara unayoiona kwa macho: taa haijai.

Kipimajoto cha dayodi, na maji ya Mbeya yanayochemka kwa nyuzi 94

Zile milivolti 2 kwa kila nyuzi tunazitumia sasa. Wafugaji wa vifaranga wenye mashine za kutotolesha, na wenye maghala ya viazi Uyole au Njombe, wanaweza kupata kipimo cha joto kwa 1N4148 moja.

Tengeneza volti 5 kwa 7805 (kidhibiti volti chenye miguu mitatu) kutoka betri ya volti 9 au 12. Usitumie betri moja kwa moja, kwa kuwa ikishuka volti, kipimo kitashuka nayo. Kutoka volti 5 weka rezista ya 4.7k kwenda anodi. Kathodi kwenye hasi. Mkondo ni miliampia 0.94, mdogo kiasi kwamba dayodi haijipashi joto yenyewe. Unganisha waya mbili za mita moja, vika kila mguu mpira wa kusinyaa kwa joto, kisha ingiza yote ndani ya mrija wa kalamu na ujaze gundi ya vichupa viwili mpaka dayodi ifunikwe. Acha ikauke usiku mzima.

Sasa sahihisha. Chukua bilauri ya barafu iliyopondwa pamoja na maji kidogo, koroga, tumbukiza, subiri dakika tatu, andika milivolti. Hiyo ni nyuzi 0. Kisha maji yanayochemka kwa nguvu.

Hapa ndipo wengi huharibu. Kitabu kinasema maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini hilo ni usawa wa bahari. Kiwango hushuka kwa takriban nyuzi 1 kila unapopanda mita 300. Mbeya mjini iko kwenye mita 1700 hivi, kwa hiyo maji yako yanachemka karibu nyuzi 94. Iringa mjini, ulio chini yake kidogo, ni karibu hapohapo. Njombe, iliyo juu zaidi, ni pungufu ya 94. Kyela ni kama 98. Ukiandika 100 ukiwa Mbeya, kosa lako kwenye joto la kutotolesha litakuwa zaidi ya nyuzi 2, na nyuzi 2 zinatosha kuua mayai.

Chukua mfano: barafu 665, maji ya Mbeya yanayochemka 477. Tofauti ni 188, gawa kwa 94, unapata milivolti 2 kwa nyuzi. Mashine ya nyuzi 37.5 itasoma 665 toa 75, yaani 590. Kila dayodi ina namba zake, usinakili hizi. Mita ya kawaida huonyesha milivolti moja moja, kwa hiyo huwezi kuona chini ya nusu nyuzi. Kwa ghala la viazi inatosha, kwa mayai weka pia kipimajoto cha kioo pembeni.

Jemaniamu usiitumbukize kwenye maji hayo. Nyuzi 94 zimepita kikomo cha aina nyingi, na hata ikipona, mvujo wake unakuwa mkubwa kiasi cha kupotosha kipimo.

Namba zikianza kurukaruka baada ya wiki chache, karibu kila mara maji yameingia kwenye gundi na kuunganisha miguu miwili. Toa dayodi ikauke kwenye jua, ipime tena kwenye barafu. Ikirudi kwenye namba yake ya mwanzo ni nzima, na mrija ndio wa kutengenezwa upya.